Kilo nne zilizopotea tanuuni

Nilipokuwa kidato cha pili, karatasi yangu ya mtihani wa kemia ilirudi na alama 9 kati ya 40. Ukurasa wa kusawazisha milinganyo ulikuwa umekatwa mstari mmoja mwekundu, kona hadi kona. Nilikuwa nimejaza kila nafasi. Kila mlinganyo wangu ulikuwa na hesabu sawa kushoto na kulia, atomu kwa atomu, na bado yote ilikuwa makosa.

Kosa lenyewe nimekuja kulielewa baadaye. Nilikuwa nabadilisha zile namba ndogo za chini. Nikipewa haidrojeni na oksijeni zinazotoa maji, H₂ + O₂ → H₂O, naona oksijeni ni mbili huku na moja kule, basi naongeza 2 upande wa kulia: H₂O₂. Hesabu inatimia. Lakini H₂O₂ si maji. Ni ile dawa inayotoa povu ikimwagwa kidondani, na ikiwa kali huunguza ngozi. Nilikuwa nimeyageuza maji kuwa kitu kisichonyweka ili hesabu yangu itoke. Jawabu ni kuyaacha maji yawe maji, ila yaongezwe wingi: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Namba kubwa ya mbele yasema ni vingapi, namba ndogo ya chini yasema ni kitu gani. Ya kwanza una ruhusa ya kuigusa. Ya pili huna.

Darasani hakuna aliyeniambia kwa maneno hayo. Tuliambiwa pande mbili ziwe sawa, tukaachwa tuhangaike. Mimi nilikuja kufundishwa na chokaa, likizo ya Agosti ya mwaka uleule, kwa sababu ya ugomvi uliokaribia kumvunjia mjomba wangu heshima.

Mjomba alikuwa fundi wa chokaa. Mawe yake yalitoka Maweni, ng'ambo ya Manda, yakivushwa kwa mashua hadi Lamu, kisha punda wakayapeleka uwanjani nje ya mji, mahali ambapo moshi hausumbui watu. Ni mawe ya matumbawe, yaleyale yaliyojenga nyumba za mtaa wa Mkomani tunazojivunia, katika mji wa kale wa Lamu ulioingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii huyapiga picha. Sisi tulioyazoea husahau kwamba ni mifupa ya wadudu wadogo wa baharini, waliojijengea makao kwa madini yaliyoyeyuka majini.

Tanuu la mjomba halikuwa na kuta. Magogo yalipangwa duara, vichwa vikitazama katikati, tabaka juu ya tabaka, na katikati likaachwa tundu la kutilia kuni kavu na vifuu vya nazi. Juu ya magogo yakapandishwa mawe, makubwa chini na madogo juu. Moto uliwashwa jioni. Usiku kucha ulikuwa mwekundu hadi mtu hawezi kusogea hatua kumi, na alfajiri rundo lote lilikuwa limeshuka, magogo yamekwisha, mawe yamelala juu ya jivu, meupe. Ukiyagonga kwa ukucha yanalia tofauti, sauti nyepesi kama ya kigae. Kisha hunyweshwa maji, au huachwa yanywe umande na mvua, mpaka yavunjike yenyewe yawe unga.

Mwaka ule alikuwa na mshirika mpya, mtu wa bara aliyetoa mtaji. Mafundi wetu hupima kwa debe na kwa macho, na mzee akikwambia mawe haya yatatoa chokaa kiasi fulani, hakosei sana. Mshirika yule hakuridhika na macho. Alileta mizani ya kupimia samaki, akataka kila gunia la mawe lipimwe kabla ya kuingia tanuuni, na kila gunia litokalo lipimwe kabla halijamwagiwa maji. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alisema, na kwa hilo sikuwa na la kumpinga.

Yaliingia magunia 60 ya kilo 50. Kilo 3,000. Zikatoka kilo 1,800 na ushei.

Akauliza kilo 1,200 zimekwenda wapi. Vibarua walikuwa wanne, wote vijana wa mtaani kwetu, na tanuu lilikuwa limelala nje usiku kucha. Hakusema neno wizi, lakini alisema hatalipa ujira mpaka hesabu ipatikane, na mji ni mdogo. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imezunguka Langoni nzima.

Mjomba alipoulizwa alijibu kwa utulivu, kwa lahaja yetu ambamo jiwe huitwa iwe: "Iwe likiingia motoni lapungua uzito. Nimebeba yote mawili kwa miaka, iwe na chokaa. Mabega yangu yajua."

Mshirika akasema mabega si daftari.

Jioni ile nilikuwa nimekaa ukumbini na kitabu cha kemia, kwa sababu mama alikuwa ameziona zile alama 9. Kulikuwa na zoezi ambalo nilikuwa nimelinakili mara kadhaa bila kulitia maanani: CaCO₃ → CaO + CO₂. Chini yake maelezo kwa Kiingereza, kwamba mwamba fulani ukipashwa moto mkali hutoa kitu fulani. Nilikuwa nalijua lile neno la Kiingereza, limestone, kama ninavyoyajua maneno ya mtihani, yaani herufi zake tu. Usiku ule ndipo nilipolivunja kipande kwa kipande nikaona linasema jiwe la chokaa. Jiwe. La chokaa. Yale yaliyorundikwa uwanjani kwa mjomba.

Siwezi kueleza vizuri nilichohisi. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima darasani nikiamini kemia ni habari ya vitu vilivyoko Ulaya ndani ya chupa, na kumbe kitabu kilikuwa kinamtaja mjomba wangu. Mpaka leo naona hapa ndipo watoto wengi wa pwani wanapopotezwa. Si kwamba hesabu ni ngumu. Ni kwamba hakuna anayewaambia jina la nyumbani la kitu wanachohesabu.

Nikasoma mlinganyo upya, sasa kama daftari la tanuu. Kushoto, kilichoingia: kalisi moja, kaboni moja, oksijeni tatu, vimeshikana pamoja, hilo ndilo tumbawe. Kulia, vilivyotoka: kalisi na oksijeni moja, hiyo ndiyo chokaa ambayo bado haijanywa maji. Na kaboni ile na oksijeni mbili zilizobaki? Hizo zimetoka pia, ila hazikutoka na gunia. Zimetoka na hewa. Kaboni dioksidi haina rangi wala harufu, na katikati ya moshi wa magogo nani angeiona?

Nyuma ya kitabu palikuwa na jedwali la uzito wa atomu. Kalisi 40, kaboni 12, oksijeni 16. Jiwe basi ni 40 na 12 na mara tatu ya 16, jumla 100. Chokaa ni 40 na 16, yaani 56. Hewa iliyokimbia ni 12 na 32, yaani 44. Sikuhitaji kikokotoo. Kila kilo 100 za jiwe safi lililoiva sawasawa, kilo 44 zinapanda mbinguni. Katika kilo 3,000 ni kilo 1,320, na zinazotakiwa kubaki ni 1,680. Zilizobaki kwa mjomba zilikuwa 1,800. Hakuna aliyeiba. Kwa kweli ilibaki nyingi kuliko inavyopasa, na sababu mjomba aliijua papo hapo nilipomsomea: mawe ya pembeni hayakuiva, yana kiini kigumu ndani, nayo majivu na mchanga vilizolewa pamoja.

Mshirika alinisikiliza. Hilo namshukuru, maana nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita na daftari la shule mkononi. Akasema: tupime mbele yangu. Tukachagua mawe yaliyokauka vizuri, kilo 10 kamili, tukayafunga kwa waya ili tuyatambue, yakawekwa katikati ya tanuu lililofuata palipo na moto mkali zaidi. Asubuhi mwenyewe aliyatoa kwa koleo, akasubiri yapoe, akayatundika. Mizani ikasoma kilo 6 kasoro kidogo. Kilo 4 na ushei hazikuwepo, na usiku mzima alikuwa amekaa pale mwenyewe na tochi.

Vijana wakalipwa siku hiyohiyo.

Baadaye sana nilisoma kwamba jambo hili lilimshughulisha Joseph Black, daktari wa Scotland, ambaye mwaka 1756 alichapisha majaribio yake juu ya madini ya jamii ya jiwe la chokaa. Alipima kabla ya moto na baada ya moto, akatambua kwamba uzito uliopungua ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya madini yenyewe. Kisha huko Ufaransa Lavoisier, katika kitabu chake cha 1789, akaliweka wazi kwamba katika mabadiliko ya kikemia hakuna kinachoumbwa wala kinachopotea, vilivyokuwepo kabla ndivyo vilivyopo baada. Nilipokisoma kisa hicho sikukiona kigeni. Nao walikuwa na mizani na swali la kilo zilizokwenda wapi.

Tangu siku ile sijasawazisha mlinganyo wowote kabla ya kuuliza kwanza: hewa imeingia wapi, imetoka wapi? Karibu kila mwanafunzi ninayemwona amekwama, amekwama hapo. Ameandika kuni inaungua ikawa jivu, msumari unaota kutu, mahamri yanaumuka, na hewa hakuiandika. Daftari lisilo na hewa halilingani kamwe, hata ukeshe ukilihesabu.

Nisiache kusema habari ya beseni. Kiburi cha kuokoa ujira wa watu kilinipeleka mbali kidogo. Nilitaka kuona hatua ya pili, CaO + H₂O → Ca(OH)₂, nikachukua vipande vya chokaa ile kavu nikavitia kwenye beseni la plastiki na kumwaga maji kama anayeosha mchele. Kwa muda mfupi hakikutokea kitu. Kisha vikaanza kulia, vikapasuka, mvuke ukapanda, maji yakachemka bila moto na beseni likalegea likatoboka. Tone moja liliruka likanipata chini ya jicho. Mjomba alinikamata shingo akaniingiza uso kwenye mtungi, akawa ananimwagia maji kata baada ya kata, hataki kuacha hata nilipomwambia sioni tena maumivu. Alifanya sawasawa. Chokaa ikiingia jichoni huoshwa kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, kisha hospitali bila kungoja. Na chokaa ikinyweshwa maji chomboni, siku zote yenyewe hutiwa majini kidogo kidogo, si maji kumwagwa juu ya chokaa, tena ndani ya chombo kisichoyeyuka.

Kovu dogo ninalo. Lakini nilijifunza kitu ambacho mlinganyo wenyewe haukuniambia. Ulikuwa umelingana, moja kwa moja kwa moja, mzuri kabisa, na haukutaja ule moto. Mlinganyo unataja nani na wangapi. Hausemi kwa haraka gani, wala kwa joto gani, wala kama jambo lenyewe litatokea au halitatokea. Jiwe la Maweni lina mlinganyo uleule likiwa limekaa kivulini, na litakaa miaka elfu bila kutoa hewa. Mpaka lipate joto la kukaribia nyuzi 900. Kwa hiyo usimwamini mtu anayekwambia kwamba mlinganyo ukishalingana basi ni kweli. Waweza kusawazisha uongo vizuri sana.

Mlinganyo wa tatu wa chokaa ndio ninaoupenda kuliko yote. Unga uliozimwa, yaani chokaa iliyokwisha kunywa maji, ukishapakwa ukutani, huanza taratibu kuvuta kaboni dioksidi iliyomo hewani: Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Maji yanatoka, jiwe linarudi. Fuata uzito. Mia ikawa 56 motoni, ikanywa maji 18 ikawa 74, ikavuta hewa 44 na kuachilia maji 18, ikawa 100 tena. Ule ukuta mweupe wa nyumba ya kale, wenye nakshi na vidaka, ni tumbawe lililovunjwa likajengwa upya, na hewa iliyoondoka tanuuni imelipwa na hewa nyingine. Ukitaka kuliona kwa dakika moja, tia chokaa iliyozimwa majini, iache ituwame, chukua maji yake maangavu ya juu, uyapulizie pumzi kwa mrija, ukiangalia usiyavute mdomoni. Yanageuka maziwa. Weupe ule ni jiwe, chembe ndogo ndogo, na karibu nusu ya uzito wake imetoka kifuani mwako. Ukizidi kupuliza yanarudi kuwa maangavu, CaCO₃ + CO₂ + H₂O → Ca(HCO₃)₂, na hapo wanafunzi wangu hupiga kelele kila mara.

Milinganyo hii yote inalingana bila jasho, kimoja kwa kimoja. Ugumu nilikuja kuufahamu Matondoni, kwa mafundi wa vyombo. Jahazi likipandishwa pwani hukalafatiwa, yaani mianya ya mbao huzibwa, kisha chini hupakwa deheni, yaani shahamu na chokaa zilizopondwa pamoja. Kwa nini mafuta yachanganywe na chokaa? Kwa sababu sehemu yake hugeuka sabuni, lakini sabuni ya kalisi, ambayo haiyeyuki majini. Chembe moja ya shahamu ina mikia mitatu. Kalisi ina mikono miwili, hushika mikia miwili tu. Ukitwaa shahamu moja, unabaki na mkia mmoja usio na wa kuushika. Basi utwae shahamu mbili: mikia sita. Na kalisi tatu: mikono sita. Shahamu 2 kwa chokaa 3, zinatoka sabuni 3 na gliserini 2. Hakuna mkia uliobaki nje.

Naona hakuna mfano bora wa kumweleza mtoto kwa nini namba za mbele si za kubahatisha. Tatu na mbili zinakutana kwenye sita. Ndivyo ilivyo kwenye kutu ya kufuli la mlangoni pia, 4Fe + 3O₂ → 2Fe₂O₃, ingawa kutu yenyewe hushika na maji ndani yake. Oksijeni huja mbili mbili na hutakiwa tatu tatu, zikakutane sita. Na butani iliyomo katika gesi ya kupikia, ukiandika moja inataka oksijeni sita na nusu, na nusu ya molekuli haipatikani sokoni, kwa hiyo unakunja kila kitu mara mbili: 2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O. Oksijeni iwekwe mwisho, maana iko peke yake na haimvurugi mwingine ukiiongeza.

Mjomba ametangulia mbele ya haki. Siku hizi baada ya alasiri huja watoto wa mtaa barazani kwangu, wanane au tisa, na ubao mdogo. Naanza na jiwe na kipande cha chokaa, kila mtu avishike, avipime mkononi.

Wiki iliyopita binti wa jirani, yuko kidato cha kwanza, alinikatiza katikati. "Shangazi, na magogo je? Umeandika jiwe limetoa hewa. Magogo nayo yamekwisha yote, hayako kwenye mlinganyo."

Nikamwambia magogo yana mlinganyo wao, nikamwandikia upande mmoja tu. Sehemu kubwa ya mti ni selulosi, kipande chake C₆H₁₀O₅, ikiungua vizuri hutoa kaboni dioksidi na maji. Nikampa chaki.

Aliweka 6 mbele ya CO₂, akaweka 5 mbele ya maji. Akahesabu oksijeni za kulia kwa vidole, kumi na mbili na tano, kumi na saba. Akatazama kushoto. Akaandika 17 chini ya O, akaifuta haraka kwa kiganja kabla sijasema. Akakaa. "Mti wenyewe unazo tano," akasema polepole, "basi hewani zatoka kumi na mbili." Akaandika 6O₂, akarudi nyuma hatua moja, akaanza kuhesabu upya kutoka mwanzo.